Hilda Ebenezeri Mtui, Mwigizaji Aliyekamua Ng'ombe Kwanza

Wachungaji wetu, wazee wa ukoo wa Mtui na wa Kyara, wasanii mliofanya kazi na marehemu, majirani na ndugu zetu mliopanda hadi hapa kihambani, kwenye shamba letu la migomba, familia imeandika maisha ya mpendwa wetu katika kurasa hizi chache, tarehe zimelinganishwa na vyeti vyake, na pale ambapo cheti hakisomeki tutasema wazi.

Hilda alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 katika kijiji cha Mshiri, Marangu, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ebenezeri Mtui, mkulima wa kahawa, na mama Ruth, ambaye yupo nasi hapa mbele, Hilda akabatizwa mwaka huohuo, ingawa mwezi umefutika kwenye cheti. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1982 hadi 1988, na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1992, na kote huko walimu walimkumbuka kwa jambo moja, kwamba aliweza kumwigiza mtu yeyote, mwendo wake, kikohozi chake na namna anavyokaa kabla ya kuomba chumvi, na aliyeigizwa alikuwa wa kwanza kucheka.

Mwaka 1993 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika chama cha ushirika cha kahawa, na mwaka uliofuata alijiunga na kikundi cha maigizo cha mjini Moshi, kilichozunguka kutoka Kahe hadi Sanya Juu kikifundisha habari za afya. Mama Ruth alipoarifiwa kwamba binti yake anaacha mashine ya chapa ili aende kulia mbele ya watu, aliuliza, "Kwani huku Marangu misiba imeisha?" Hilda alimjibu kwamba haijaisha, ndiyo maana anajua kulia vizuri. Baadaye aliigiza katika michezo ya redio kuanzia 2001, na katika tamthilia za televisheni kuanzia 2006, na wengi wenu mnamfahamu kwa sauti kabla ya sura.

Tarehe 20 Desemba 1997, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na ndugu Jesse Kyara, mwongoza wageni mlimani, wakajaliwa watoto watatu, Magreth mwaka 1998, Godbless mwaka 2003 na Joyness mwaka 2008. Baba akipanda mlima hukaa huko siku sita au saba, na mama akiitwa kwenye usaili wa waigizaji Dar es Salaam husafiri kutwa nzima kwenda na kutwa nzima kurudi, kwa hiyo walitundika kalenda moja jikoni, safari za mlimani kwa wino mwekundu, saili kwa wino wa buluu, na sharti likawa kwamba rangi hizo mbili zisikutane siku moja, ili watoto wasilale hata siku moja bila mzazi. Kalenda zote zimehifadhiwa, na Magreth, aliyezipitia wiki hii mwaka baada ya mwaka, amekuta saili sitini na tatu, kati ya hizo mama yake alipata nafasi kumi na nne, maana yake alikataliwa mara arobaini na tisa, na hakuna hata siku moja, iwe ya kukubaliwa au ya kukataliwa, ambayo alipanda basi la alfajiri kabla ya kukamua ng'ombe. Sisi tulioishi naye tulikuwa tunaona maziwa mezani tu, hesabu hii hatukuijua, na mpaka leo tunaishangaa.

Rangi hazikugongana kamwe, bali wino wa buluu uligonga jambo jingine. Jumapili tarehe 2 Desemba 2012 Magreth alipata kipaimara, na mama yake, aliyekwenda Dar es Salaam kwa usaili wa Ijumaa, aliambiwa arudi tena Jumamosi kusikilizwa mara ya pili, akabaki, akafika nyumbani Jumapili saa kumi na moja jioni, wageni wameshaondoka na masufuria yameshaoshwa. Nafasi yenyewe hakuipata. Magreth alinyamaza siku kumi na moja, hamjibu mama yake hata salamu, na siku ya kumi na mbili Hilda alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, lile ambalo kwetu mtu akikuletea kuomba radhi huwezi kumkatalia, akampelekea mtoto wa miaka kumi na minne kwa mikono miwili. Wazee walishtuka, maana jani hilo mzazi hulipokea, hampelekei mtoto. Magreth alilipokea akilia.

Tangu hapo saili nyingi alizifanyia nyumbani, akirekodiwa kwa simu na watoto, na ndipo asubuhi moja ya mwaka 2014 jirani yetu mzee Sirili aliposikia akipiga mayowe kwamba anauawa, akaja mbio na panga, akisema, "Jesse! Mwache mke wako, toka nje tuongee kiume!" wakati Jesse alikuwa siku ya tatu mlimani. Hilda alitoka na machozi usoni, akasema, "Shikamoo mzee, hakuna mtu, nipo kazini." Mzee akauliza, "Kazi gani ya kuuawa saa nne asubuhi?" akakalishwa, akaonyeshwa rekodi mbili, akaamua, "Tuma ya kwanza, hii ya pili najua huchinjwi." Ilitumwa ya kwanza, na nafasi akaipata.

Mwaka 2015 aliitwa kuwa mhusika mkuu wa tamthilia ndefu, kwa sharti la kuhamia Dar es Salaam miaka miwili, akakataa, na tangu siku hiyo Magreth aliishi akiamini kwamba zile siku zake kumi na moja za kununa ndizo zilizomfungia mama yake mlango, akasoma hadi chuo kikuu na mzigo huo, asimwambie mtu.

Februari 2023 Hilda aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa mjini Moshi, na mwezi Mei mwaka huu, akiwa wodini, Magreth alimuuliza hatimaye kama alikataa kwa ajili yake. Mama alicheka mpaka muuguzi akachungulia, akasema, "Wewe Magreth, umejipa cheo kikubwa! Mimi naigiza watu wa huku, nikihama nitamwangalia nani?" Kisha akaomba mtori wa ndizi. Familia imekubaliana maneno hayo yasomwe leo, kwa sababu miaka kumi ya mzigo ilishuka pale kitandani.

Alifariki Jumatano tarehe 20 Agosti 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka 51, mumewe na watoto wake wote watatu wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokata majani ya ng'ombe miezi yote hii bila kuombwa, wasanii wenzake na waongoza wageni wenzake Jesse walioshuka mlimani kuja kumzika.

Hilda, mke wa Jesse, mama yetu, watu wa huku uliokuwa ukiwaangalia wamekuja wote, leo wanakuangalia wewe, lala sasa, upumzike kwa amani.