Mwito wa Pili

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, familia imemtuma mdogo wa kike wa marehemu asimame hapa kusoma, naye anaomba radhi mapema, kwa kuwa pale historia zote zinapoanzia, yaani tarehe ya kuzaliwa, ndipo hii inapokwama, na ndipo ilipomkwamisha marehemu mwenyewe miaka minne ya mwisho ya maisha yake.

Cheti chake kinasema alizaliwa Jumamosi ya tarehe 3 Machi 1951, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mkewe, akapewa jina la babu mzaa baba, jina ambalo mnalo kwenye karatasi mlizopewa mlangoni na ambalo halitasomwa kwa sasa, tafadhali vumilieni kidogo.

Alikulia katika vyumba viwili nyuma ya duka la baba, penye saa kumi na mbili ukutani na hakuna hata moja iliyoelewana na mwenzake, na kila adhuhuri chakula kikiiva mama alisimama mlango wa nyuma akaita jina la mwanawe mara mbili, kwanza kwa sauti ya chini akitazama uani, kisha kwa sauti kubwa akigeukia ndani, na mtoto akiwahi kuitika mwito wa kwanza, mama alimwambia si wewe, subiri. Mdogo wake, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1956, alicheka sana hapo, jamani, akadhani mama anatania, na marehemu naye alidhani akina mama wote duniani huita hivyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, kisha sekondari hadi 1968, na tarehe 1 Julai 1971 aliajiriwa kuwa karani katika masjala ya vizazi na vifo, alikofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, na huko ndiko alikopata jina la Muhuri, maana karatasi isiyo na muhuri kwake haikuwa karatasi, hata barua ya posa aliipiga muhuri, na fundi cherehani aliyeipokea akakubali hivyo hivyo, wakafunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Waliokuwa kazini naye wanajua kilichokuwa kikimpandisha hasira, kwamba mtoto mchanga akifa, karani anapaswa kurudi kwenye mstari wake wa kuzaliwa na kuandika kifo pembeni kwa wino mwekundu, na anayesahau anaacha cheti cha marehemu kikitembea mitaani, jambo alilolirudia kwa makarani wapya mpaka wakawa wanamuigiza nyuma ya mlango.

Mwezi Mei 2019 binti yake mkubwa, mtaalamu wa maabara, alitaka kuufuatilia ukoo, akawapa baba yake na shangazi yake, huyu anayewasomea, vichupa wateme mate vikapimwe vinasaba, na wote wawili walitema huku wakichekana, na majibu yaliporudi yalisema watu hawa hawana undugu, si kwa baba, si kwa mama. Kipimo kilirudiwa mara mbili, jibu likawa lile lile, na mdogo mtu alilia kama aliyefiwa, kisha akasema mashine ni kichaa, lakini Muhuri alivaa miwani akarudi masjala.

Buku la vifo la 1951 lilikuwa kwenye rafu iliyo juu ya meza aliyoketi miaka thelathini na mitano, na ndani yake alikuta jina lake, jina la baba na la mama, mvulana, siku kumi na moja, homa, tarehe 14 Machi, na alipolifungua la vizazi kwenye mstari wa tarehe tatu, pembeni palikuwa peupe, hakuna hata nukta ya wino mwekundu. Katika daftari kuukuu la wodi ya wazazi, chini ya tarehe 15 Machi, paliandikwa mvulana, hana jina, mama amefariki alfajiri, hakuna ndugu, na chini yake neno amechukuliwa, pamoja na sahihi ndogo, nadhifu, ya fundi saa.

Tangu siku hiyo hakutia sahihi tena, alisema amevaa nguo ya mtu miaka sitini na minane na mwenyewe amelala uchi, akalitafuta kaburi la mtoto yule mpaka akalipata, safu ya nne, namba kumi na saba, kilima kidogo kisicho na kibao, na akaagiza azikwe pembeni yake, jina arudishiwe mwenyewe, yeye aandikwe Muhuri basi.

Figo zilianza kumsumbua Februari mwaka huu wa 2023, akalazwa tarehe 11 Agosti, na wauguzi wanasimulia kwamba kila adhuhuri aligeuza uso mlangoni, akasema polepole, si mimi huyo, ngoja, na mlangoni hapakuwa na mtu, mpaka Alhamisi ya tarehe 7 Septemba, saa sita na nusu mchana, alipoitika kwa nguvu, naam mama, hata muuguzi akageuka kuona nani kaingia, na alipomrudia alikuwa amekwisha kwenda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopika na kulala nasi, na makarani wa masjala, ambao jana walilifungua buku lile la vizazi na kuandika pembeni, kwa wino mwekundu, kilichosahauliwa miaka sabini na miwili.

Kuhusu jina, mdogo wake amekaidi wosia, na anamjua kaka yake, hatashangaa, vibao ni viwili na jina limeandikwa kwenye vyote, maana mama hakukosea hata siku moja, aliita mara mbili kwa sababu walikuwa wawili.

Lala salama, kaka, ukisikia mwito ule wa sauti ya chini, tulia, mwenzako yupo hapo pembeni ataitika, na ule wa sauti kubwa ni wako, ulikuwa wako siku zote.