Masikio ya Mwalimu Albertine Kalaba

Padri wetu, wazee wa familia zote mbili, majirani wa Kamalondo na walimu wenzake, historia hii imeandikwa na mume wa marehemu, Donat Musonda, na inasomwa na kaka mkubwa wa marehemu, Anaclet Kalaba, ambaye jana kwenye kikao cha familia aliombwa aruke ukurasa wa pili, akajibu kwamba atasoma yote au hatasoma kabisa.

Albertine Kalaba alizaliwa Likasi tarehe 11 Februari 1975, mtoto wa tatu wa Mzee Dominique Kalaba, fundi wa reli, na Mama Agnès Katongo, akaanza shule ya msingi hukohuko, kisha familia ikahamia Lubumbashi mwaka 1987, ambako alisomea ualimu na kupata diploma ya serikali mwaka 1994. Septemba 1995 aliingia kufundisha darasa la kwanza huko Katuba, na darasa hilo hakuliacha mpaka alipougua, ingawa mara mbili alipewa nafasi ya kupanda, kwa sababu, alivyopenda kusema, watoto wa miaka sita ndio watu pekee wanaoisikia dunia kama yeye.

Donat alimfahamu mwaka 1998, siku aliyofika kwa Mzee Kalaba akiwa amevaa shati la kuazima, na alipokuwa akipewa maji ya kunywa, binti aliyeyaleta alisimama ghafla, akaingia chumba cha pili, akazima televisheni iliyokuwa imeondolewa sauti, akarudi na kumweleza mgeni kwamba ilikuwa ikimlilia sikioni kama mbu. Donat, aliyesoma fizikia chuo kikuu, alijua kwamba televisheni za wakati ule zilitoa mlio mwembamba ambao wengi wetu tunaupoteza tukikua, akatega sikio, hakusikia kitu, akamwamini. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Agosti 1999, wakajaliwa watoto watatu, Précieux mwaka 2001, Merdi mwaka 2005 na Plamedie mwaka 2014.

Nyumbani kwao alitambua chaja inayolia na friji inayougua, na majirani walizoea kumtania juu ya ukuta, “Mama Précieux, leo friji inakuambia nini?”, naye akijibu palepale, “Iko inasema bukari bwako buko bunaungua, rudia kwako!”, wakacheka wote, na mara nyingine huo ugali kweli ulikuwa unaungua.

Hapa ndipo unapoanza ukurasa wa pili.

Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2017, katika kikundi cha sala alichokuwa akihudhuria, Albertine alisema kwamba kuna kitu kinapiga mluzi ukutani, na kiongozi akatangaza kwamba ni pepo linalomwita, akaamuru aletwe mbele awekewe mikono. Albertine hakwenda mbele, alikwenda ukutani, akachomoa waya wa spika, akawageukia watu na kuuliza nani amesikia mlio ukikatika, na watu wazima walipokuwa wakitazamana, watoto wa benchi la kwanza waliinua mikono, mmoja wao akamwambia mwalimu kwa sauti, “Njo ile, maîtresse! Shiye tunaisikia tangu asubui, tuliogopa kusema.” Yangetosha hayo, lakini hayakutosha, kwani baadhi ya wakubwa wetu walitaka afungishwe chakula na kuombewa, alikataa, na kuanzia siku ile wapo walioacha kula chakula alichopika.

Machi 2024 madaktari walikuta kwamba mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri, na wanaosema kwamba ugonjwa uliingilia masikioni wasikie leo kwamba ulikuwa moyoni, picha zipo na majibu yapo. Alilazwa tarehe 3 Juni 2025, akaunganishwa na mashine inayolia kwa kila pigo la moyo, na kila ilipolia mama zetu walilia pia, wakiamini kwamba inapunguza maisha yake, hata dada mmoja akaifunika kwa kitenge kama anayefunika kioo cha nyumba ya kilio. Albertine alikivuta kitenge kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia dada huyo, “Muiache ilie, yaya. Iko inanihesabia na bazima”, yaani pamoja na walio hai. Aliaga dunia Alhamisi tarehe 19 Juni, akiwa ameshikwa mkono na Plamedie.

Jana, hapohapo kwenye kilio, Plamedie aliomba simu moja ichomolewe kwa sababu chaja yake inamuumiza sikio, na kabla ya jioni kulikuwa tayari na watu wanaopanga apelekwe kwenye maombi baada ya maziko. Donat anajibu mbele ya jeneza hili, ili asiwepo atakayesema hakuambiwa, kwamba mtoto huyo ana miaka kumi na mmoja, ana masikio ya mama yake, hatapelekwa popote, hatafungishwa, hatawekewa mkono na mtu yeyote, na atakayekuja kumchukua atamkuta baba yake mlangoni. Donat hajawahi kuusikia mlio ule hata mara moja katika miaka ishirini na mitano ya ndoa, na hakuwahi kuhitaji kuusikia ili ajue kwamba mke wake anasema kweli.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, walimu wenzake wa Katuba walioshika darasa lake bila kuombwa, majirani walioleta viti, majiko ya mbabula na makaa, na wale watoto wa benchi la kwanza, ambao sasa ni vijana, na ambao tunawaona wamesimama pale nyuma.

Tumeombwa tuzime simu wakati jeneza likishuka. Mwenye kutaka azime, lakini ya Donat itabaki inawaka, kama ile mashine ambayo mke wake alitaka iachwe ilie.

Pumzika kwa amani, Albertine. Kwa amani tu, si kwa kimya.