Mwalimu Eufrasia Nyamhanga, Aliyekataa Kuandika "Salama"

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, saa tisa alasiri, Mwalimu Eufrasia Gati Nyamhanga anakabidhi funguo za chumba cha taarifa cha Ushirika wa Wachimbaji Wadogo Kazi Moyo, Nyakunguru, baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitano na miezi mitatu. Katika muda huo wote viongozi wamejaribu kumwachisha kazi mara mbili, na mara zote mbili waliochoka ni viongozi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno mepesi ya kufurahisha. Nitajitahidi, ila anayemfahamu Mwalimu anajua kwamba wepesi haukuwa fani yake.

Alizaliwa Nyansurura mwaka 1964, binti wa mfugaji, akafundisha hisabati sekondari huko Mugumu kwa miaka tisa. Hakuja Nyakunguru kutafuta dhahabu. Machi 1999, wakati watu wakimiminika hapa kutoka Shinyanga, Geita, Singida na hata ng'ambo ya mpaka wa Sirari, alipata habari kwamba shimo limeporomoka na kaka yake, Kisyeri, alikuwa mchimbaji wa upande huo. Akapanda lori la mbao na kuja. Aliuliza kila mtu kama kaka yake alikuwa ndani. Hakuna aliyejua. Watu walifukua siku mbili bila kujua wanamfukulia nani. Siku ya tatu Kisyeri akapatikana Mbalibali, mzima, alikokwenda kumwona shemeji yake.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Eufrasia alikwenda moja kwa moja kwa viongozi, vumbi la safari likiwa bado kwenye kitambaa chake, akawauliza: "Mawe yaliyotoka shimoni mnajua ni viroba vingapi. Watu walioingia hamjui ni wangapi?" Wakampa kazi ya ukarani.

Ndipo ulipoanza utaratibu wa ubao, vibati na kengele ya hatari. Kila anayeshuka shimoni anatundika kibati chenye jina lake kwenye ubao, na akitoka anakichukua. Wazee walicheka kwamba mwalimu amehamishia mahudhurio ya darasa machimboni. Mchimbaji aliyesahau kibati alinyimwa salamu wiki nzima, na niseme ukweli, salamu ya Mwalimu ilikuwa na thamani, maana siku utakayoikosa kambi nzima inajua. Hata Mzee Kornelio Wangwe, mwenyekiti wetu, aliwahi kumwamkia Mwalimu asiitikiwe.

Mwaka 2006 alianza kusoma kompyuta Mwanza, likizo kwa likizo, akiwa na miaka arobaini na miwili. Kompyuta yake ya kwanza aliinunua Sirari kwa jamaa aliyemwapia, "Madam, hii machine iko sawa kabisa." Iliungua siku ya tatu. Mwalimu aliibeba kwenye pikipiki yake hadi Sirari, akaketi mlangoni pa duka kuanzia asubuhi, na kila mteja aliyeingia alimwonesha ilivyoungua. Kufikia saa sita alikuwa amepewa nyingine.

Katika masomo hayo alikutana na jambo lililoteka maisha yake yote yaliyofuata. Kuna programu zinazofanya kazi kwa kanuni za kubadilisha maneno. Unaipa taarifa ndefu, nayo ina kanuni zinazosema: ukikuta kipande cha namna hii, kitoe, weka hiki mahali pake. Inarudia hivyo mpaka pasiwe na kipande cha kubadilisha, na kinachobaki ndilo jibu. Wengine tuliuliza kama jibu ni sahihi. Swali la Mwalimu lilikuwa jingine: taarifa ikirefuka, hatua zitakuwa ngapi?

Akatengeneza programu yake, akaiita Kikomo. Kikomo haiendeshi kanuni, inazisoma tu. Hujaribu kuipa kila alama ya taarifa uzito, yaani namba, na ikipata mpangilio ambao kila kanuni inapotumika uzito lazima upungue, basi imethibitisha kwamba hatua haziwezi kuzidi uzito wa mwanzo. Kazi hiyo, ambayo kwa mkono ingemchukua Mwalimu wiki, Kikomo iliifanya kabla chai haijapoa. Na ikishindwa kuthibitisha, inaandika neno moja: *Sijui*.

Neno hilo ndilo lililoleta vita.

Novemba 2017 wafadhili walituletea mfumo mpya wa uokoaji, uliotengenezwa na kampuni moja ambayo sitaitaja. Shimo likipata hatari, mfumo ungepokea ramani ya njia zote za chini na kutuambia watu watolewe kupitia wapi. Ulijaribiwa kwa ramani ndogo yenye njia panda sita, ukajibu papo hapo. Zilihitajika sahihi mbili chini ya neno "Salama": ya fundi wa mitambo na ya karani mkuu. Fundi ni mimi, karani mkuu ni Mwalimu. Nilisaini siku hiyo hiyo, na sikusoma hata ukurasa wa pili.

Mwalimu alizipitisha kanuni zote kwenye Kikomo. Ikaandika *Sijui*.

Mtaalamu wa kampuni alitabasamu na kusema, "Mama, sijui siyo jibu la kitaalamu."

"Ni jibu," Mwalimu akamwambia. "Wewe ndiye hujajibu. Njia panda zikiwa ishirini na nne, hatua ngapi?"

Akasema hilo litaangaliwa baadaye. Mzee Kornelio, aliyekuwa na wageni wa uzinduzi Jumatatu, alimbembeleza: "Mwalimu, andika salama. Tutarekebisha baadaye."

"Shikamoo yako naitunza, Tata," alimjibu, kwa neno la kwao la kumwita baba. "Lakini baadaye ni baada ya kufa nani?"

Uzinduzi ulifanyika bila sahihi yake. Yeye akahamishiwa stoo ya kamba na mbao kwa wiki tano. Tulidhani ataomba radhi. Alipeleka kompyuta yake huko, akaiweka juu ya rundo la magogo, akaifundisha Kikomo kazi ya pili: isitafute ukomo wa juu tu, itafute pia mfano mbaya kuliko yote. Ikaupata. Kulikuwa na kanuni moja ya njia panda iliyonakili safari yote iliyobaki mara mbili, ya kushoto na ya kulia, hata pale ambapo njia zote mbili zinarudi kwenye handaki lile lile. Kila njia panda iliyoongezeka ilifanya hatua kuwa maradufu.

Januari 2018, kwenye mkutano wa wanachama, aliomba dakika kumi. Hakuleta kompyuta. Alimsimamisha mtu mmoja katikati ya uwanja, akasema huyu ni mfumo unaotafuta njia. Kila akipiga filimbi, ni njia panda, na kila aliyesimama akae, mahali pake wasimame wawili. Filimbi ya kwanza, wawili. Ya pili, wanne. Watu walikuwa wakicheka. Ya sita, watu sitini na wanne wamesimama na kicheko kimeanza kukatika. Ya saba ilihitaji mia moja ishirini na wanane, na uwanja mzima tulikuwa tisini na sita.

"Hapo ni saba," alisema. "Mashimo yenu yana ishirini na nne. Ni hatua zaidi ya milioni kumi na sita."

Masele, mchimbaji wa shimo namba tisa kutoka Shinyanga, aliinuka. "Kwa hiyo Mwalimu, maji yakiingia, mashine itakuwa bado inasimamisha watu?"

"Itakuwa bado inawasimamisha, Masele."

Hapakuwa na mjadala tena. Wanachama walipiga kura ubao, vibati na kengele vibaki mpaka kanuni zirekebishwe, na Mwalimu arudishwe chumbani kwake. Mtaalamu wa kampuni aliyaita mambo yale maigizo.

Tarehe 11 Aprili 2018, saa nne asubuhi, katikati ya masika, maji yalipasua ukuta wa shimo la zamani yakaingia namba tisa. Mwalimu aligonga kengele. Ubaoni palikuwa na vibati arobaini na tatu, akaanza kusoma majina kwa sauti, na kila aliyetoka alijibu jina lake na kuchukua chake. Dakika ya ishirini na sita ubao ulikuwa na kibati kimoja, cha mchimbaji mwenzao Masalu. Bila kibati kile tungeamini wote wametoka. Masele na wenzake wawili walirudi ndani na kamba, wakamtoa akiwa amevunjika bega, maji yakiwa kifuani.

Mimi nilikuwa nimebonyeza kitufe cha mfumo mpya kengele ilipoanza. Jibu lilitoka saa tano na dakika kumi na moja. Lilikuwa jibu sahihi kabisa kwa ramani ya saa nne: lilituelekeza tuwatoe watu kwa njia ya mashariki, ambayo kwa zaidi ya nusu saa ilikuwa imejaa maji hadi juu. Nililitazama jibu lile, nikatazama sahihi yangu kwenye karatasi iliyotundikwa ukutani, nikatoka nje kukaa juu ya jiwe. Mwalimu alinifuata. Nilitegemea anigombeze. Alisema, "Dullah, kesho uje tusome ukurasa wa pili."

Tuliusoma. Kanuni ile aliiandika upya ili kila handaki lihesabiwe mara moja tu, na Kikomo ikathibitisha kwamba hatua hazizidi mraba wa idadi ya njia. Hapo ndipo alipotia sahihi. Kampuni ilimtumia cheti cha "mchango katika maboresho." Alikirudisha kikiwa na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: *Andikeni kilichotokea.* Hawajaandika mpaka leo, ndiyo maana nimeandika mimi hapa. Mzee Kornelio yeye alikuja mwenyewe chumbani, akavua kofia, akasema amekosa. Mwalimu alimvutia kiti na kumweleza kanuni zote upya, kuanzia ya kwanza. Mzee alikaa mpaka mwisho.

Mwalimu, kwa niaba ya wanachama wote, asante. Asante kwa Masalu, aliyeko hapa leo na watoto wake watatu, wawili kati yao wamezaliwa baada ya siku ile. Tumesikia unarudi Nyansurura kulima mtama na kufuga. Tumesikia pia kwamba wewe bado ni mwanachama halali, na kwamba mkutano mkuu wa Agosti utajadili ununuzi wa mfumo mwingine, ambao muuzaji wake ameshatuhakikishia hauna tatizo lolote. Mvua zikunyeshee kwa wakati, ng'ombe wako wazae, miguu yako iwe na nguvu, na ubishi wako usipungue hata chembe. Agosti uje. Swali la kwanza ni lako.

*Dullah Ashrafu, fundi wa mitambo*