Wimbo Yenye Papa Édouard Alikatisha

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, na wale wa mbele musiwafunike wale wa nyuma. Leo tunamukumbuka Papa Édouard Kanyamibwa, wa Karuba, mu milima ya Masisi. Papa Édouard alikufa juma iliyopita, mu huu mwaka wa 1959. Alizikwa kwake Karuba. Wengi walimujua kwa jina Papa Fono. Jina hiyo aliipenda kuliko ile ya batizo. Monpere, padri wetu, alijua, na hakufurahi.

Papa Édouard alikuwa kapita, musimamizi wa wafanyakazi, ku shamba ya pareto. Mu 1946 muzungu mwenye shamba alirudi kwao. Akamuachia fono, ile ya kuzungusha na mukono, na disiki kidogo mu sanduku. Tangu siku ile, kila muchuuzi mwenye kupanda kutoka Goma alimukuta Papa Édouard ku barabara. Hakuuliza chumvi. Hakuuliza nguo. Aliuliza tu: «Disiki iko?» Kama iko, aliifunga mu blanketi, akaipandisha kilima polepole, kama mama mwenye kubeba mutoto wa jana.

Mama Céline, bibi yake, alituambia hivi: «Watoto wangu walikua mu baridi ya Karuba. Disiki njo zilikuwa na blanketi.»

Papa Édouard alipenda zaidi waimbaji wenye walisha kufa. Mugeni akiingia, alimutolea disiki moja moja: «Huyu alisha kufa. Huyu naye alisha kufa. Huyu anagonjwa.» Siku moja muchuuzi alileta habari kama mupiga gita mumoja wa Léopoldville amefariki. Papa Édouard hakumuona huyo muntu hata siku moja. Lakini alifunga kitambaa nyeusi ku mukono, akaenda nayo ku kazi juma nzima. Mama Céline anasema: «Mama yangu alipokufa, alivaa kofia tu.»

Na redio? Ee, wasikilizaji wapendwa, tuseme ukweli. Redio hakuipenda. Siku ya Mungu, Jumapili, alikuwa anashuka ku posti ya serikali ya Masisi, kusikiliza ile haparlere, kipaza sauti ya kutundikwa ku muti. Alisikiliza, akatikisa kichwa: «Hawa watu wanatulisha bugali ya kulala. Wimbo ya mwaka jana, na habari ya mwaka juzi.» Alikuwa na haki. Ile disiki yenye kukwaruza munaijua. Tungali nayo. Tuliipiga leo asubuhi.

Sasa musikilize vizuri, sababu hapa njo kumbukumbu yetu inaanza kuuma.

Kulikuwa na muntu mumoja wa Pinga, kule Walikale, ndani ya pori. Jina yake Théophile. Théophile alikuwa mupiga nzenze. Nzenze munaijua: fimbo, nyuzi, na kibuyu ya kuegemeza ku kifua. Kila mwaka, mvua ikipungua, Théophile alipanda mpaka Masisi na mafuta ya ngazi, yale ya mawese, apate kurudi na maharagi. Karuba alikuwa analala kwa Papa Édouard. Kila mwaka kwa Papa Édouard. Hakuwa na nyumba ingine.

Na mu jamaa ya Théophile kuko desturi. Mupiga nzenze iko na wimbo yake ya ugeni. Haiimbi kwake. Bibi yake haisikie, watoto wake hawaisikie. Anaiimba tu ku moto ya mwenye kumupokea. Mwanzo, anamusifu mwenye nyumba. Kisha, anataja wa jamaa yake mwenyewe: wakubwa wake, na bibi yake, na watoto wake mumoja mumoja, na neno lenye anawaachia. Siku akikufa, mwenye kumupokea anarudisha wimbo kwa jamaa. Anaiimba mbele yao. Hapo njo watoto wanasikia baba yao aliwataja namna gani. Hapo njo kilio inaisha.

Papa Édouard alijua ile desturi. Théophile alimuelezea. Lakini kila mwaka ilikuwa hivi. Théophile anakaa, anaweka kibuyu ku kifua, anaanza:

«Édouard wa mabati, Édouard wa moto hauzimike,
Ng'ombe yako inamujua mugeni,
Kwako hawaulize muntu anarudi lini.»

Papa Édouard anafunga macho. Anacheka kidogo. Anatikisa mabega. Kisha Théophile anavuta pumuzi, anasema: «Sasa musikie wangu...» Na Papa Édouard anasimama.

«Vizuri, kaka, vizuri sana! Ngoja sasa nikuwekee muziki.»

Na anazungusha fono.

Kila mwaka, wasikilizaji wapendwa. Alisikia sifa zake, akasimama.

Mu 1954 kamyoneti moja ilifika Karuba. Ndani, muzungu mumoja na fundi wake wa kutoka mbali, na mashini ya kukamata sauti. Walikuwa wanatafuta wapigaji wa mu milima. Watu waliwatuma kwa Papa Édouard. Fundi akauliza: «Papa, tunaambiwa wewe njo uko na masikio hapa. Nani anapiga vizuri?»

Théophile alikuwa pale pale ku baraza, anakaza nyuzi zake. Papa Édouard alimutazama. Aliona miguu bila viatu. Aliona kibuyu yenye kupasuka, yenye kuzibwa na nta. Akatazama viatu ya muzungu. Haya ikamukamata.

«Hapa? Hapa hakuna muntu. Hapa tuko tu na pareto.»

Na akawawekea disiki zake, apate kuonesha kama naye anajua muziki. Fundi akacheka: «Papa, hizi si sisi njo tunaziuza!» Wakafunga mashini. Wakaenda.

Théophile alisikia yote. Alikaza uzi wa mwisho. Akauliza tu: «Papa Édouard, wageni hawakukunywa hata maziwa?»

Alirudi Karuba mara moja tena. Kisha, mu 1956, ugonjwa ya kifua ikamubeba. Théophile wa Pinga akakufa.

Bibi yake, Mama Joséphine-Marie, akapanda na miguu kutoka Pinga mpaka Karuba, na kitunga ya uyoga mukavu ku kichwa. Ile njia si muchezo. Akakaa, akakunywa maji, akasema:

«Papa Édouard, nimefuata sauti.»

«Sauti gani, mama?»

«Ya bwana yangu. Alituambia mashini ilikuja hapa kwako. Alituambia ulimushika mukono, ukamuonesha kwa muzungu, ukasema: huyu njo mupigaji. Si iko mu sanduku, pamoja na wengine wenye walisha kufa?»

Musikie vizuri. Théophile, kurudi kwake, hakusema alikataliwa. Alimuvika Papa Édouard heshima yenye hakustahili.

Mama Céline akamutazama bwana yake. Siku ya mashini alikuwa pale. Alijua. Papa Édouard alifungua sanduku. Akaanza kutosha disiki inje moja moja, kama muntu mwenye kutafuta. Alitosha zote. Akazirudisha. Akaanza tena kuzitosha.

Mama Joséphine-Marie akamuhurumia: «Labda ilivunjika?»

Pale, mulango wa kuponyoka ulifunguka. Disiki zinavunjikaka. Kila muntu anajua. Angesema ndiyo, na uyoga angekula. Mama Céline anasema aliona mudomo yake inajitengeneza kusema ndiyo.

«Hapana, mama. Haikuvunjika. Haikuingia. Waliniuliza, na mimi njo nilisema hapa hakuna muntu.»

Mama Joséphine-Marie alivuta kitunga yake karibu. Kuku iliingia, ikatoka. Kisha akasema bila hasira, na ile njo ilikuwa mubaya zaidi: «Basi utakuja kuimba na mudomo yako. Wewe ulikuwa unaisikia kila mwaka.»

Papa Édouard akaenda Pinga. Fono aliacha Karuba. Watoto wa Théophile walikuwa wameoga, wamepakwa mafuta, wamekaa mbele. Walimungojea yeye. Papa Benoît, kaka mukubwa wa marehemu, akamupatia fasi ku moto.

Papa Édouard akaanza: «Édouard wa mabati, Édouard wa moto hauzimike...»

Watu wakatazamana. Akaendelea mpaka ku ng'ombe. Mpaka ku «kwako hawaulize». Papa Benoît akakohoa: «Papa, hii kilio ni ya Théophile, ao ni ya Édouard?»

Watu wakacheka. Papa Édouard hakucheka.

«Haya, Papa, endelea,» Papa Benoît akasema. «Watoto wanangoja majina yao.»

«Sasa musikie wangu...» Papa Édouard akaimba. Na akanyamaza. «Hapa... Hapa njo nilikuwa nasimama kwenda kuweka disiki.»

Mutoto mumoja akauliza mama yake: «Imeisha?» Mama Joséphine-Marie akasimama, akataja majina ya watoto yeye mwenyewe, na sauti ya kuzungumuza tu, bila nzenze. Kilio ikafungwa hivyo. Neno lenye Théophile aliwaachia, hakuna mwenye kulijua mpaka leo.

Papa Édouard njo alikuwa anatuelezea hii yote. Hakuficha. Muntu akimusifia disiki zake, alikuwa anajibu: «Ya muzuri haimo.» Na kutoka pale, kila mwenye kupiga kitu alimusikiliza. Ku kijiji ya Lushebere kuko kijana, anapiga vibaya, hata mbuzi zinaondoka. Papa Édouard alimusikiliza mpaka mwisho, akauliza kama iko ingine.

Ku maziko yake, Mama Joséphine-Marie alikuja. Tena na miguu, tena kutoka Pinga. Mama Céline alitaka marehemu asindikizwe na disiki yenye alipenda kupita zote. Wakazungusha fono ku kaburi. Munatujua sisi watu: katikati ya wimbo, wanaume walianza kuuliza bei ya ng'ombe, wamama wakaanza kutazama mawingu. Mama Joséphine-Marie alisimama bila kutikisika. Wimbo ikaisha. Sindano ikabaki inakwaruza, kwaru, kwaru. Alingojea mpaka fono ilichoka, ikasimama yenyewe. Hapo akapiga alama ya musalaba.

«Sasa tunaweza kwenda,» akasema.

Wasikilizaji wapendwa, Mama Céline, pokea pole yetu, wewe na watoto wote wa Karuba. Mama Joséphine-Marie, na jamaa ya Pinga, pokeeni pole yenye ilichelewa. Leo hatutapiga disiki. Fungeni redio kidogo. Labda iko muntu ku baraza yako, anakaza nyuzi zake. Mwambie aingie, umupatie fasi ku moto. Na ukisikia jina yako mu wimbo, usisimame bado.