Mabano Kwenye Tangazo la Mume Wangu

Mnanisikia huko nyuma? Nitaongea nikiwa nimekaa, mnisamehe.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, hapa Kericho. Moja ni ya matangazo ya vifo: familia inaandika kuhusu mtu wao, maneno yanawekwa kwenye database, yaani ghala la tovuti, halafu watu wanayasoma kwa simu. Kuna mtu aliingiza amri ya kompyuta ndani ya rambirambi. Ukifungua tangazo la marehemu, unarushwa kwa mchezo wa kamari. Nikafunga mlango haraka: kila alama ya HTML, zile ambazo tovuti huweka yenyewe kupanga aya na maandishi mazito, ionyeshwe kama maandishi tu, isifanye kazi.

Wiki hiyohiyo mume wangu alianguka akitoka kazini Boito. Hakuamka.

Dada yake ndiye aliandika tangazo kwenye tovuti hiyo. Matangani kwao Londiani watu wakafungua simu. Juu kabisa: <p><b>Ndugu yetu mpendwa</b>. Mabano kila mahali, maneno yote yamebanana. Mzee mmoja akauliza, "Hii ni lugha gani?"

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikusikia kitu. Si aibu, si uchungu. Nilirudi kumimina chai ya wageni.

Kompyuta nikaifunga. Nikawa naoga, nalala, naamka, basi.

Siku moja wifi yangu akaja na mama mkwe. "Mama anataka kusoma ya mwanawe," akasema. "Zile alama zinamchanganya."

"Labda yaliharibika."

"Angalia tu, dada."

Nikaangalia. Kwenye database yalikuwa vile wifi aliyaandika, kila aya mahali pake. Shida ilikuwa kwa kuonyesha tu. Nikaweka chujio: aya zipite, maandishi mazito yapite, amri yoyote itupwe. Nikampa mama simu.

Akasoma kwa sauti, polepole, akipumzika mwisho wa kila aya. Alipofika pale pa kijana wake kukamua ng'ombe akiimba vibaya, akacheka. Mimi sikulia. Lakini nilisikia njaa, mara ya kwanza tangu afe, na nikasema. Wifi akaenda jikoni bila kuuliza.

Asante kwao. Asanteni nyinyi wa kikundi hiki cha wafiwa, mliokuja kukaa na mimi bila kunilazimisha kuongea. Nilichojifunza ni kidogo: maneno ya mtu yahifadhi vile aliyatoa, usiyakate kwa sababu umeogopa. Uangalifu uuweke wakati wa kuyaonyesha.

Bado kuna siku sisikii kitu. Lakini kama kuna mwenye tangazo kwenye tovuti hiyo ambalo hajalifungua tena tangu lilipojaa mabano, aje na simu yake tukimaliza. Sasa linasomeka.