Mzee Bado Anastaafu Meli Ikiwa Njiani

Ijumaa hii, tarehe 28, mkuu wa dawati la kufuatilia mizigo, ambaye wote hapa tunamwita Mzee Bado, anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya uwakala wa mizigo kwa miaka thelathini na mmoja. Ofisi ya utumishi imeniomba niandike wasifu wake kwenye ratiba hii ya sherehe, na nimeambiwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila mnivumilie, maana naandika sikio moja likiwa kwenye simu.

Mzee Bado aliajiriwa kama tarishi, akipeleka hati za mizigo forodhani kwa baiskeli. Alisoma masomo ya jioni, akawa karani wa forodha, kisha msimamizi wa ghala, na mwisho akapewa dawati letu. Kwa asiyeijua kazi hii: mtu anaagiza kitu nchi ya mbali. Kitu hicho kinatoka kiwandani, kinapanda lori, kinaingia meli ya kwanza, kinashushwa bandari ya kati, kinapanda meli ya pili, kinapita forodha, kinapanda lori tena. Kila kituo kina mtu anayekuapia kwamba kwake kimeshaondoka. Sisi kazi yetu ni kujua kiko wapi hasa.

Jina lake limetoka hapo. Ukimwuliza, "Mzee, mzigo umefika?" anakujibu, "Bado." Kompyuta inaweza kuwa imeandika kwa rangi ya kijani kwamba umefika, mteja ameshashukuru, mkurugenzi ameshapongeza. Yeye bado, mpaka apige simu huko na ampate mtu aliyeushika mlango wa kontena kwa mkono wake. Tulipokuwa wapya tulikuwa tunamcheka chinichini. Kicheko kilikatika siku wakala mmoja wa jirani alipokitangazia kiwanda cha maziwa kwamba vifuniko vyake vya chupa vimefika. Kiwanda kikawasha mitambo, kikajaza chupa, kontena likafunguliwa, wakakuta viti vya kinyozi. Viti vizuri, vile vya kuzunguka. Maziwa yakachacha wakivitazama.

Hata nyumbani kwake ni hivyohivyo. Siku ya kumwoza binti yake mkubwa aliulizwa kama wakwe wamefika. Wakwe wako sebuleni, soda mkononi. Akasema bado, kwa sababu mjomba wa bwana harusi alikuwa anatafuta pa kuegesha gari. Mkewe, mama yetu, anasema aliolewa bila kuambiwa kwamba ana mke mwenza, na kwamba mke mwenza mwenyewe ni meli.

Wateja wetu wakubwa wamedumu nasi kwa ajili yake. Mwaka ule njia fupi ya meli ilipofungwa na meli zote zikazunguka mbali, yeye aliwapigia wateja mmoja mmoja kabla hawajauliza. Alitufundisha kwamba mteja akisikia habari ya kuchelewa kutoka kwako, hiyo ni taarifa. Akiisikia kwa jirani, hiyo ni aibu. Baadhi walimfokea. Alishikilia simu mbali kidogo na sikio, akasubiri wapoe, akaendelea alipoishia.

Mimi alinikuta mapokezi, nina cheti cha kidato cha nne na mimba ya miezi mitano. Akasema sauti yangu haiwakasirishi madereva, akaomba nihamishiwe kwake. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi nikawa nakamua maziwa kwenye chumba cha mashine ya kunakili, mgongo nimeuegemeza mlangoni mtu asiingie. Mzee akaona. Kesho yake alikuja na bisibisi na komeo, akalifunga mwenyewe. Chupa za mtoto kwenye friji akazibandika karatasi: "Mzigo wa baridi. Mpokeaji hana meno." Na saa ya kutoka ikifika ananifukuza: "Nenda, binti. Yule mteja wako haandiki barua ya malalamiko, analia tu."

Sasa niseme kinachonikosesha usingizi, kwa sababu kimo ndani ya wasifu wake, sitaweza kukiruka.

Kuna kontena moja baharini. Limebeba vichujio vya mashine za kusafisha figo, mali ya hospitali tunayoihudumia. Meli ya kwanza ilichelewa, na ilipofika bandari ya kati ile ya pili ilikuwa imeshaondoka. Mtunza stoo wa hospitali ananipigia kila asubuhi, na kila asubuhi sauti yake inazidi kushuka. Wagonjwa waliokuwa wanasafishwa damu mara tatu kwa wiki sasa wanapata mara mbili. "Wanavimba miguu, dada," aliniambia jana, "na wananiuliza mimi, kana kwamba nimevificha kabatini."

Palikuwa na njia mbili. Kungoja meli kubwa ya wiki inayofuata, ambayo haisimami popote, au kulipakia kwenye meli ndogo iliyokuwa inaondoka siku ileile, lakini inapitia bandari mbili, na kila bandari ni foleni na winchi zinazoharibika. Nilimpelekea Mzee aamue. Akavua miwani. "Mimi Ijumaa sipo," akasema. "Meli ikitia nanga utakuwa na nani? Chagua wewe." Nikachagua ndogo. Akaniuliza maswali mawili, akavaa miwani, akarudi kwenye kazi yake. Hakuniambia nimepatia, wala nimekosea. Mpaka leo hajasema.

Wakala wetu wa bandari ya kati, dada ambaye Mzee amezungumza naye miaka mingi bila kumwona uso, alipiga kusema ameushika mlango na ameliona kontena likipandishwa. Kisha akauliza, "Wewe ndiye wa baada yake?" Nikasema ndiyo. "Basi usinipigie kwa kuomba radhi," akasema. "Piga tu."

Uongozi ulimwomba Mzee aongeze muda kidogo, angalau mpaka kontena hili lifike. Nisiwafiche, niliomba akubali. Alikataa kwa upole. "Nikingoja hii ifunge gati, nitakuta nyingine imeng'oa nanga," alisema. "Na huyu binti atajifunza lini kupokea simu? Siku ya matanga yangu?" Tulicheka wote ofisini. Mimi nilicheka kisha nikaenda kunawa uso.

Leo ni Jumatano, na mpiga chapa anaitaka karatasi hii kabla ya mchana. Meli ndogo imetoka bandari ya pili salama, inatarajiwa kesho. Halafu winchi, halafu forodha, halafu lori. Ninyi mtakaoisoma ukumbini Ijumaa mtakuwa mnajua nisichokijua mimi sasa. Labda vichujio vitakuwa vimeshafungwa kwenye mashine na kuna mtu amelala kitandani damu yake ikisafishwa. Labda hapana. Nimejaribu kuandika aya ya mwisho inayofaa pande zote mbili, nimeshindwa.

Naomba jambo moja tu. Mama yetu anasema katika miaka yote ya ndoa hajawahi kumwona mumewe akimaliza sahani ya chakula bila kuinuka kwa ajili ya simu. Simu ile ya kazi Mzee amenikabidhi jana, akaitoa mfukoni mwenyewe, nami nimeichukua. Kwa hiyo mkiona kiti kitupu kwenye meza ya dawati letu, msigeuke kumtazama yeye. Kiti hicho ni changu. Nitakuwa nimekwenda kulipokea kontena, popote litakapokuwa. Mhudumu asikiondoe, huenda nikawahi keki.

Asante, Mzee wetu, kwa komeo, kwa subira, na kwa kuniacha nichague. Kaa hapo ulipo, mama akiwa kuliani kwako. Mungu akupe siku ndefu na afya, na wajukuu wa kukusumbua. Kula taratibu, baba, umalize.