Hakuna Aliyeniroga

Siku ile nyumbani kwa mzee Mayige, kule Nkoma, walikuwapo Salu, mwanawe mkubwa; Georgina, mke wa Salu, na mtoto mgongoni; na Violeth, kitindamimba. Jirani yao Klementina, mjane mzee, naye alikuwapo, ila alikaa nje ukutani, kwa sababu Salu alimkataza kuingia. Salu alishamfunga miguu kuku wa kupeleka kwa mganga, apasuliwe, ionekane ni nani anayemuua baba yake. Macho mekundu ya Klementina yalikuwa yamemtosha kuwa ushahidi wa uchawi, alichotaka ni kuthibitishiwa tu.

Georgina alijua ni nani aliyekuwa akiacha kibuyu cha maziwa mlangoni kila alfajiri, wiki ya tatu sasa. Hakuwa amethubutu kusema.

Violeth alimwegemeza baba yake kifuani, na mzee akaanza.

"Sikilizeni, wanangu. Salu, kaa chini, usinisimamie mlangoni kama mgambo wa mnadani. Daktari wa Bariadi ameniambia moyo umechoka. Hakuna aliyeniroga. Mwaka ule wa njaa, wewe ukiwa bado unanyonya, ng'ombe wangu kumi na wanane walikufa, nikabeba kuku nikaenda kwa mganga. Akampasua, akatazama ndani, akasema ni dada yangu Ng'washi. Nikaamini. Nilimfukuza mtoto wa mama yangu mchana kweupe, nikamtupia na sufuria zake barabarani, akaenda Maswa kulima vibarua. Sisi tukabaki kuchemsha majani, nami nikasema Mungu ametusahau. Ndipo mtu wa mkokoteni akashusha gunia la michembe, viazi vikavu vya kutufikisha kwenye mvua, akakataa kusema limetoka kwa nani. Tukala, tukapona. Nilikuja kuambiwa siku ya kumzika Ng'washi kwamba ni yeye. Mungu alinilisha kwa mkono niliokuwa nimeufukuza, na sikuwahi kumwambia dada yangu anisamehe.

"Mungu yule hajabadilika, wanangu. Mimi naondoka, yeye mnabaki naye, na atawalisha kama alivyonilisha mimi nisiyestahili. Salu, ng'ombe saba ni wako. Yule mwekundu mwenye mimba ni wa Violeth, pamoja na shamba la pamba la ng'ambo ya mto, aolewe asiolewe. Kuku mfungue. Macho ya yule mama yameharibiwa na moshi wa samadi, miaka yote anapika peke yake... Ngojeni nivute pumzi... Georgina, mayu, mama yangu, maziwa ninayokunywa analeta nani?"

"Mama Klementina, baba."

"Nilijua. Ng'ombe wetu wamekauka tangu Septemba... Mwiteni aingie. Salu, nenda wewe, usimtume mkeo... Mungu awatunze, wanangu... awape... awa..."

Salu alimfungua kuku kamba za miguu, kisha akatoka nje.

Mzee Mayige alizikwa Jumapili. Klementina ndiye aliyewapikia waombolezaji, na aliyemchanjia kuni alikuwa Salu.